Re: Kinundu kigumu kisogoni baada ya kunyoa upara

Salaam ndugu. Unasema tangu kinyozi wa Kawangware akunyoe upara unagusa kinundu kigumu kisogoni, hakiumi, na sasa hulali kwa kuwaza uvimbe.

Kwanza weka kidole hapo, usogeze ngozi ya kichwa huku na huku. Ikiwa ngozi inateleza juu yake nacho kimetulia tuli, tena kiko katikati kabisa, juu kidogo ya pale shingo inapoanzia, huo ni mfupa wako wa kisogo. Karibu kila mtu anao, ila kwa wanaume mara nyingi hujitokeza zaidi. Hapo ndipo hushika ukano wa nyuma ya shingo na msuli mpana unaoshuka hadi mabegani. Mimi niligundua changu nikiwa ndani ya matatu, nikashukia kliniki, nikalipia picha ya eksirei, halafu daktari akanishikisha cha kwake!

Nyuma ya masikio pia kuna vifupa viwili. Linganisha kulia na kushoto kabla hujaogopa.

Kikiteleza chini ya kidole kama harage, upande mmoja, huenda ni tezi iliyovimba kwa sababu ya maambukizi ya ngozi ya kichwa. Tafuta mapunye au vipele vya kunyolewa. Kikisogea pamoja na ngozi, labda ni kifuko cha mafuta. Mimi si daktari, na kwa maandishi tu siwezi kukitofautisha. Kikikua, kikiuma, au kama kilianza baada ya kugongwa, nenda ukapimwe.

Hebu jaribu hiyo ya kidole kisha urudi hapa utuambie.