Maswali Yenu: Mbona Tunanunua Kidogo Kidogo?

Mwezi huu meseji zimejaa na karibu zote zinazunguka jambo moja, manunuzi, yaani watu kwenye nchi ambazo uchumi ndo unapanda wananunua vipi na kwa nini wanabadilika. Nimechukua tano. Zingine zilikuwa ugomvi wa mke na mume, hizo nimeziacha makusudi.

"Habari za kazi mhariri. Nabishana na shemeji yangu kila tukikutana. Yeye anasema watu wenye kipato kidogo hawajui hesabu, wananunua sabuni na shampuu za paketi ndogo kila siku wakati wakikusanya hela wakanunua kopo kubwa wangeokoa nyingi tu. Ana haki?"

Shemeji yako anajua hesabu ya dukani, ya mfukoni haijui. Mtu anayelipwa kwa siku, kibarua, fundi, mchuuzi, hela yake inaingia jioni na mahitaji yanaingia jioni hiyo hiyo, sasa akinunua kopo kubwa maana yake hela ya siku nne kaifungia ndani ya kopo, na mtoto akiugua usiku huwezi kwenda dispensari na kopo la sabuni ukamwambia daktari akate humo. Kubaki na hela mkononi ndo bima yake. Alafu kuna jingine ambalo kina mama wanalijua sana, kopo likiwa limejaa kila mtu nyumbani anamimina tu, likibaki robo ndo wanaanza kuhurumia.

Na wala sio kila mahali paketi ndogo ni hasara. Nchini India miaka ya 1980 kampuni ndogo ndo zilianza kusukuma shampuu ya paketi za kutumia mara moja, wakubwa wakafuata nyuma baada ya kuona soko linawaponyoka, na ushindani ukawa mkali mpaka ikatokea shampuu ya paketi ni nafuu kwa mililita kuliko ya chupa. Ufilipino wana mpaka neno lake, tingi, yaani kununua kwa kipande, na viduka vyao vya nyumbani vinavyoitwa sari-sari vinaishi kwa hiyo.

Ila nisimwonee shemeji. Pale ambapo muuzaji ni mmoja na hakuna wa kushindana nae, mnunuzi wa kidogo kidogo kweli analipa zaidi kwa kitu kile kile, na vile vipaketi vya plastiki za tabaka tabaka ni balaa kwenye mitaro maana hakuna anayetaka kuvikusanya kwenda kuvirejeleza. Mwambie hivo mkapumzike.

"Kaka, nina duka dogo la rejareja, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila siku nasikia supamaketi zinakuja, zinakuja. Nifunge mapema au nikomae?"

Sitakudanganya ndugu yangu, zinakuja kweli na zikija zinaweza kuja kwa kasi. Amerika ya Kusini na ya Kati mwaka 1990 supamaketi zilikuwa na kama asilimia 10 hadi 20 tu ya biashara ya chakula rejareja, kufika 2000 zilikuwa na asilimia 50 hadi 60, miaka kumi tu! Serikali zilifungulia mitaji ya nje, watu wakahamia mijini, wanawake wengi wakaingia kwenye ajira kwa hiyo muda wa kuzunguka kununua kila siku ukaisha, friji zikaingia majumbani na magari yakaongezeka. Vitu hivyo vikikutana mahali pamoja duka la kaunta linatikisika.

Lakini tizama vizuri ni duka gani linalokula wenzake. Watu wengi wakisikia supamaketi wanawaza lile jengo kubwa nje ya mji lenye maegesho, na hilo ndo limepata shida sana. Carrefour waliokuwa wakali wa maduka makubwa waliuza asilimia 80 ya biashara yao China mwaka 2019. Indonesia, maduka makubwa ya Giant yalifungwa yote 2021. Wakati huo huo Indonesia hiyo hiyo kuna Indomaret na Alfamart, viduka vidogo vya mnyororo, yaani vingi vya kampuni moja na jina moja, vilivyokaa kila kona, kila kampuni ina zaidi ya 15,000. Mexico kuna Oxxo, ilianza 1978 kule Monterrey, leo maduka zaidi ya 20,000, na mtu haendi pale kununua soda tu, analipia umeme, anaweka hela, analipia mpaka oda aliyoagiza mtandaoni.

Umeona? Mteja hajabadilisha kile alichokuwa anakipenda kwako. Anapenda karibu, anapenda haraka, anapenda kuchukua kidogo. Anachokikimbia ni kukuta "kimeisha" mara tatu kwa wiki, kukuta bei haijaandikwa inategemea leo umeamkaje, na kukuta umefunga saa mbili usiku. Adui yako ni yule wa kona anayefungua asubuhi kabla yako, sio jengo kubwa la mbali.

Mimi ningekomaa ila ningebadilika. Andika bei kwenye kila kitu. Punguza aina za bidhaa, zile zinazokaa miezi zitoe, hela yake weka kwenye zinazotoka kila siku zisikuishie. Jiunge na wenzako mnunue jumla pamoja kama mnaaminiana (kama hamuaminiani acha kabisa, nimeona urafiki wa miaka ukifia kwenye mzigo mmoja). Weka huduma za malipo na kutuma hela maana anayekuja kutuma hela hutoka na kitu mkononi. Na daftari la madeni usilichome moto kama rafiki zako wanavyokushauri, ni silaha ambayo mnyororo hauna, kompyuta yao haimjui mteja wako kwamba Ijumaa analipwa na hajawahi kukimbia deni. Ila liwekee kikomo kwa kila mtu, na shemeji pia awe na kikomo, hasa shemeji.

Kuna nchi zimejaribu kuwakinga wenye maduka madogo kwa sheria. India ilisita miaka mingi, ikaja kuruhusu wageni wamiliki hadi asilimia 51 ya hisa kwenye kampuni za maduka ya bidhaa mchanganyiko mwaka 2012, na hapo kwa masharti, mojawapo kila jimbo liamue lenyewe kama linataka. Sheria inakupa muda tu, haikuletei mteja.

"Mhariri shikamoo. Nauza nguo mtandaoni. Kila mteja anataka alipe akishapokea mzigo, alafu wengine wakifikiwa mlangoni wanakataa, nauli ya bodaboda juu yangu. Kwa nini watu hawaamini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa nini wakuamini? Hawajakuona, hawajashika kitambaa, na picha yako umeipendezesha. Dukani mtu anagusa, ananusa, anajaribu, anabishana, akidanganywa kesho anarudi na kelele zake. Mtandaoni arudi wapi?

Wakubwa pia walikwama hapo hapo. India Flipkart, duka la mtandaoni, walilazimika kuanzisha malipo wakati wa kupokea mwaka 2010 ndo biashara ikachangamka, na wao pia waliumia na mizigo inayorudi. China walipita njia nyingine. Taobao, soko la mtandaoni, ilianzishwa 2003, mwaka uliofuata ikaja Alipay, huduma yake ya malipo, na ujanja wake ulikuwa mdogo tu: mnunuzi analipa lakini muuzaji hapati hela mpaka mnunuzi aseme mzigo umefika na uko sawa, hela inakaa kwa mtu wa kati. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, nae alikuwepo China kipindi kile, na mtaji mnene, mwisho wa 2006 akafunga tovuti yake kubwa kule. Huyo mtu wa kati sio sababu pekee, hata kutangaza duka bure kulimbeba Taobao, ila bila yeye sidhani kama mgeni angemtumia mgeni hela.

Watu wengi wanadhani kikwazo ni njia ya kulipa. Njia zipo, M-Pesa imeanza Kenya 2007, UPI India 2016, Pix Brazili Novemba 2020, hela inaruka kwa sekunde. Ugumu uko kwenye kuirudisha. Wewe ukiweza kuandika wazi "haikutoshi narudisha hela siku hiyo hiyo" na ukarudisha kweli mbele za watu kwenye komenti, utaona wanaolipa kabla wanaongezeka. Kwa mteja mpya omba japo nauli ya kupeleka ilipwe mapema, asiye na nia atajichuja mwenyewe. Na piga picha nguo bila kuipaka rangi ya simu.

"Mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Kipato kikipanda watu wanabadilisha nini kwanza?"

Kuna Mjerumani mmoja mtakwimu, Ernst Engel, mwaka 1857 alipekua bajeti za familia akaona kadri kipato kinavyopanda sehemu inayokwenda kwenye chakula inapungua. Angalia hapo, sehemu ndo inapungua, sio kiasi, wanafunzi wengi wanakosea kwenye mtihani. Mtu anakula vizuri zaidi na bado anabakiwa.

Inayobaki inaenda kwenye simu, runinga, friji, usafiri, na mimi nakwambia ifuatilie friji. China mijini mwaka 1985 kila kaya 100 zilikuwa na friji kama 7 tu, 1990 kama 42, mwaka 2000 zimefika 80. Friji inakuruhusu kununua mara moja kwa wiki. Inakuruhusu tu, haikulazimishi, maana Wachina wengi wa mijini wenye friji waliendelea kwenda sokoni kila siku kutafuta mboga mbichi na samaki anayerukaruka. Kwa hiyo ukiandika insha yako usiseme friji ilileta supamaketi, mwalimu mkali atakukamata.

"Nikiingia supamaketi kununua vitu viwili natoka na kitoroli kimejaa. Nimerogwa?"

Hujarogwa, umepangiwa. Kitoroli chenyewe kilibuniwa 1937 na mwenye supamaketi wa Oklahoma City, Sylvan Goldman, aliyegundua watu wanaacha kununua kikapu cha mkononi kikiwa kizito. Mwanzoni wateja walikigoma, ikabidi alipe watu wajifanye wanunuzi wakisukume dukani ili wengine waige! Sasa wewe ukienda kununua vitu viwili chukua kikapu cha mkononi, au vibebe mkononi hivyo hivyo.