Maharage yananijaza gesi

SWALI: Dada shikamoo, mi maharage nayapenda sana ila nikila usiku tumbo linajaa gesi mpaka aibu, mama mkwe anasema niweke magadi, ni sawa? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, pole mwaya. Maharage yana sukari fulani ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga, sasa ikifika utumbo mpana bakteria wanaila ndo gesi inatoka. Loweka usiku kucha, asubuhi yale maji mwaga yote, weka mapya, na yachemke haswa si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto, maana yale mekundu yasipoiva yanatapisha. Magadi yanaivisha haraka kweli (mkaa ulivyo ghali namwelewa mama mkwe) ila yanaharibu vitamini B1, na ukizidisha mboga inanuka sabuni, kwahiyo kidogo tu.