Kichwa cha treni cha bei ya punguzo kinasitasita

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko Leicester, Uingereza. Nimenunua kichwa cha treni ya mvuke cha mfano, kile kidogo kinachoendeshwa kwa umeme, pauni 85 badala ya 140 kwa kuwa boksi limebonyea. Kinasogea, kinasita, kwenye kona kinaruka reli. Nikirudishe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Subiri kwanza. Kikikaa sana dukani, grisi huganda. Kiendeshe bila mabehewa nusu saa mbele, nusu saa nyuma, mwendo wa kati. Kisha mafuta: tone la ncha ya sindano kwenye kila ekseli, basi. Mimi nilimimina, magurudumu yakateleza wiki nzima, mke wangu akicheka.

Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti. Umeme wa volti 12 unapitia hapo hapo, na ule uchafu mweusi huukata.

Kuhusu kona, pima nusukipenyo. Reli nyingine za kipimo chenu, yaani milimita 16.5 kati ya reli mbili, hupinda kwa milimita 371, na vichwa vingi virefu vinataka angalau 438. Risiti itunze tu.