Chumvi ya hori la Mwache

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Miritini, Mombasa. Masika, maji ya juu huku ndani ya hori, huu mkono wa bahari uingiao nchi kavu, huwa mekundu, hayana chumvi, lakini wavu ukishuka chini napata samaki wa bahari. Kaskazi, majira ya ukavu, ndiyo ajabu: chumvi yashinda hata ya bahari kuu. Je, bwawa la Mwache, linalojengwa huko juu mtoni, likianza kuzuia maji, itakuwaje?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Uliyoyaona ni sahihi. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, kwa hiyo ni mazito. Ya mto hutanda juu yake. Hakikisha mwenyewe. Funga chupa kwa jiwe na kamba, kizibo ukifunge uzi. Ishushe karibu na tope, kisha uvute uzi ijae. Chemsha kikombe kimoja cha maji hayo hadi yakauke, na kikombe cha maji ya juu katika sufuria nyingine. Ulinganishe ukoko mweupe utakaobaki.

Kaskazi, mto hukauka au hubaki kijitiririko. Maji ya ndani kabisa huenda na kurudi na kujaa na kupwa, hayo kwa hayo, jua likiyapunguza. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Uchafu wa vyoo na mitaro nao hubaki, hasa siku za maji maafu, yasipojaa wala kupwa sana. Na mvua za kwanza hushusha taka za miezi yote, kwa hiyo siku hizo msile chaza.

Bwawa twalihitaji, hata mimi nanunua maji ya mkokoteni. Tena litazuia udongo, na mikoko mingi ya Mwache ilikufa kwa kufukiwa na udongo wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Lakini maji ya masika yakipungua, chumvi itawahi kuja na kuchelewa kuondoka, na kamba wachanga hukulia kwenye maji mchanganyiko. Mkiitwa barazani, ulizeni: maji kiasi gani yataachiwa mto, na miezi ipi? Wenye bwawa wawape jibu kwa maandishi. Mkiambiwa “yatatosha” tu, msikubali.

Na vijana wenu waanze kupima kwa sufuria sasa, kila bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, waandike daftarini. Bwawa likishazuia maji, pasipo hesabu ya kabla yake hamtakuwa na ushahidi wa kilichobadilika.