Kabla hujavaa glovu, tafuta pumzi

Raundi yangu ya kwanza ya ngumi ilidumu dakika moja na nusu, na aliyenishinda alikuwa begi la mazoezi, lile la kuning'inizwa na kupigwa.

Ilikuwa mwishoni mwa 2018. Septemba ya mwaka ule bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, akammaliza mwenyeji wake Sam Eggington raundi ya pili, na mimi niliirudia ile video kwenye simu mpaka bando likaisha. Nilikuwa na miaka 29, nauza vifaa vya ujenzi Tandika, na kifua ninacho. Miaka minne nilikuwa nanyanyua vyuma vya uani: bomba la chuma, huku na huku kopo la rangi lililojazwa zege. Nikajiona nimeiva. Nikaenda jimu moja ya ngumi, banda la bati lenye sakafu iliyopasukapasuka, nikamwamkia mwalimu shikamoo. Akaitikia, akaniangalia mabega, akasema, "Haya, vaa glovu tukuone. Dakika tatu."

Nusu dakika ya kwanza begi liliyumba mpaka watu wakageuka kutazama. Ilipofika dakika moja, kila bega lilikuwa kama limebebeshwa mfuko wa saruji. Mikono ikashuka kiunoni. Mwisho nikawa nimelikumbatia lile begi kama ndugu aliyetoka safari, huku pembeni dogo mmoja mwembamba, kama miaka kumi na sita hivi, anaruka kamba na kupiga stori na mwenzake. Mwalimu akagonga ndoo, ndiyo ilikuwa kengele yao. "Mwanangu, unazuia pumzi. Unapiga kama mtu aliyezamishwa kwenye maji." Nikatoka nje, chai na chapati zikarudi.

Tangu siku hiyo, kijana wa mtaani akiniuliza anaanzaje ngumi, namwambia ajipe wiki sita za kujiandaa, na hizo wiki sita vyuma aviache vipumzike. Misuli mikubwa inakula hewa nyingi, na ulingoni hewa ndiyo inayokwisha mwanzo. Pambano la ridhaa ni raundi tatu, kila moja dakika tatu, katikati unapumzika dakika moja. Ukijumlisha, kupigana kwenyewe ni dakika tisa tu. Asiyewahi kuzipiga anaziona chache.

Anza na kukimbia, na uanze kwa aibu, yaani polepole kiasi kwamba akina mama wanaokwenda sokoni wanakupita. Kipimo changu ni mdomo: kama huwezi kuongea sentensi nzima huku unakimbia, umekwenda kasi mno, punguza. Wiki tatu za kwanza nilikuwa natoka alfajiri, kabla jua la Dar halijaanza kazi yake, dakika ishirini, siku tatu kwa wiki, baadaye dakika thelathini, arobaini. Hapo unaujenga moyo, na moyo haujengwi kwa pupa.

Kuanzia wiki ya nne ndiyo unaleta ngumi kwenye mbio. Dakika tatu unakwenda kasi ya kukuumiza kidogo, dakika moja unatembea, unarudia. Mara tatu kwanza, halafu nne, halafu tano. Hiyo dakika ya kutembea ndiyo yenye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bondia mzuri utamwona amekaa kwenye kigoda kifua kinapanda na kushuka, lakini akisimama ametulia. Moyo wake umejifunza kushuka haraka. Wako nao ufundishe hivyo hivyo: kwenye ile dakika usiiname kushika magoti, tembea umesimama wima, vuta kwa pua, toa kwa mdomo taratibu.

Sasa kamba. Hapa niliharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nilinunua kamba, nikaruka kila siku, juu ya zege la uani, nimevaa ndala. Wiki ya pili ugoko ukaanza kuuma, nikasema ni uvivu, nikaongeza. Ikafika siku kushuka kwenye daladala ikawa kazi. Nilikaa siku kumi bila kufanya chochote, na zile mbio nilizokuwa nimezijenga zikaanza kunipotea. Basi vaa raba zenye soli nzuri, rukia kwenye udongo au juu ya mkeka mnene, siku moja ruka na siku moja pumzika. Kamba yenyewe ipime: ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike kwapani. Ikizidi hapo itakugonga kichwani, ikipungua itakufundisha kuruka umejikunja. Na usiruke juu kama unakwepa nyoka. Kisigino kinyanyuke, kamba ipite, basi. Mikono isizunguke yote, vifundo vya mikono ndivyo vinavyozungusha. Anza na dakika moja moja. Ukifikisha dakika tatu bila kujikwaa, miguu yako imeanza kuelewa.

Mabega nayo yana ugonjwa wao. Simama mbele ya kioo, ngumi zako zote mbili zifike kwenye mashavu, viwiko vimebana mbavu, kaa hivyo dakika tatu. Usipige kitu. Ukimaliza utajua kwa nini mikono yangu ilishuka kiunoni. Ukishazoea, anza kupigana na kivuli chako, mikono mitupu, na kila konde litoke na pumzi: "fss". Hiyo sauti unayoisikia kwa mabondia ni hewa inayotoka ili nyingine iingie. Kuna vijana wanapiga kivuli wameshika mawe au vyuma vya kilo mbili ili wapate konde zito. Mimi sishauri. Uzito unavuta chini wakati konde linakwenda mbele, kinachoumia ni bega na kiwiko.

Pushapu, siti-apu, kuchuchumaa, vyote piga, sina siri yoyote hapo. Pushapu chache piga kwa ngumi, juu ya mkeka, ili kifundo kizoee kukaa kimenyooka. Shingo usiisahau, lakini kwa upole: weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma, shingo ikatae. Halafu nyuma, halafu pembeni.

Kuhusu begi la nyumbani, naomba usijitengenezee haraka. Wengi tunajaza mchanga kwenye kiroba, tunaning'iniza mwembeni. Mchanga unashuka chini unagandamana, baada ya wiki mbili unapiga ukuta. Jaza nguo kuukuu na vipande vya magodoro. Na hata likiwa laini, funga bandeji. Za mtu mzima ni kama mita nne na nusu, zinapita kifundoni, kiganjani, katikati ya vidole. Mifupa ya mkono ni midogo mno kwa kazi tunayoipa.

Nimeona pia watu wanakimbia wamevaa koti la mvua ili "wakate mafuta". Zamani ilikuwa mifuko ya plastiki, ikapigwa marufuku 2019, wakahamia kwenye makoti. Kinachotoka pale ni maji. Ukinywa chupa mbili uzito umerudi, ila kwa joto na unyevu wa pwani unaweza kuanguka barabarani kabla hujafika kwenye hiyo chupa. Kula ugali wako, maharage, dagaa, mayai ukipata. Kunywa maji mchana kutwa, usisubiri kiu. Na kabla ya yote pita zahanati upimwe presha, hasa kama umevuka thelathini au una pumu. Mimi sikupima, nilikuwa na bahati tu.

Jimu nayo uichague. Wakikuvalisha glovu na kukupambanisha na mtu siku ya kwanza, wape asante, ondoka. Mimi walinipa begi, na hilo lilitosha.

Nilirudi baada ya wiki nane, mbili zikiwa zimeliwa na ule ugoko. Mwalimu akagonga ndoo, nikapiga raundi tatu. Hazikuwa nzuri, ya tatu nilikuwa napapasa, lakini mikono haikushuka na chai ilibaki tumboni. Nikamgeukia nikitegemea neno. Akachukua chaki, akachora mstari sakafuni kutoka ukutani mpaka mlangoni, akaniambia, "Sasa njoo nikufundishe kusimama." Wiki mbili zilizofuata sikupiga konde hata moja. Nilikwenda mbele na kurudi nyuma juu ya ule mstari, mguu wa kushoto mbele, na yule dogo wa kamba akipita ananisogeza kisigino kwa ncha ya raba yake.