Mwombe mwenzako akufiche alama

Niliingia kwenye utafiti wa baada ya uzamivu nikiwa na haraka ya kuokoa macho ya watu. Maabara yetu ilisaka dawa za kulinda seli za ganglioni, zile za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambazo nyuzi zake hukusanyika na kuwa neva ya jicho. Binadamu ana nyuzi kama milioni 1 kwa kila jicho, na seli ikishakufa ndiyo basi. Hizo ndizo zinazokufa kwenye glakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha polepole, wakati mwingine hata presha ya jicho ikiwa imeshashushwa.

Kazi yenyewe: unaminya neva ya panya kwa koleo dogo kwa sekunde chache, unampa dawa, unasubiri wiki 2. Kisha unatoa retina, unaichanja mara 4 ilale bapa kama ua lililochanua, unaitia kingamwili zinazong'arisha seli, unakaa kwenye hadubini kuhesabu.

Dawa yangu ya kwanza ilifanya maajabu. Vioo vya retina nilikuwa nimeviandika D na K kwa mkono wangu, D ikiwa panya waliopewa dawa, K wasiopewa. Jirani yangu wa meza akabandika karatasi juu ya herufi, akavichanganya, akaniambia nihesabu upya. Tofauti ikayeyuka. Sikudanganya makusudi: doa hafifu kwenye D nililiita seli, kwenye K nikalipita. Tena picha za D nilizipiga karibu na katikati ya retina, ambako seli husongamana kuliko pembezoni. Miezi 7 ikaenda na maji.

Basi wewe unayeanza, amua mapema utapiga picha umbali gani kutoka katikati, na orodha ya alama akae nayo mtu mwingine. Hesabu na nyuzi pia. Seli yaweza kuwa hai huku uzi wake umekatika, na seli ya hivyo haimsaidii mtu kuona. Kwenye usaili uliza nani huficha alama hapo. Mkuu wa maabara akinuna, jibu umeshalipata.

Na ndugu zako usiwaahidi kitu. Dawa iitwayo memantini ililinda seli za wanyama, nyani wakiwemo, lakini majaribio 2 makubwa ya miezi 48 kwa wagonjwa wa glakoma, yaliyochapishwa 2018, hayakufikia lengo. Shangazi yangu huniuliza dawa yetu kila akipiga simu. Namuuliza kama ametia matone yake ya jioni.