Dari linavuja na nyumbani kuna mitihani: yaliyotufika Mji wa Kale, Mombasa

Dada uliyeandika jana kwamba dari linavuja, baba ametoka hospitali juzi, ndugu hawasemezani, na fundi anataka malipo yote kabla hajaleta hata ngazi: pole sana. Nimekusoma mara mbili. Kabla ya maneno mengine, leo hii kitanda cha baba kitolewe chini ya pale panapovuja, hata kama itabidi alale sebuleni. Na kama maji yanateremkia karibu na taa, zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu. Hayo hayangoji fundi wala kikao cha ndugu.

Sisi baba alifariki mwezi wa Aprili, masika ndiyo yanaanza. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mkoko. Mama akaingia eda, kule kukaa ndani kwa mjane, humo humo, miezi minne na siku kumi, chumba cha juu. Wiki ya tatu, usiku, nikasikia kama mtu anamwaga mchanga. Nikapanda na tochi. Mkeka wa mama umejaa chenga za chokaa, na boriti moja imetoka tone la maji linaloning'inia bila kuanguka. Nikapanda kiti nikaibonyeza pale inapoingia ukutani. Kidole kikazama. Rangi ya nje nzima kabisa, ndani unga wa mchwa.

Asubuhi fundi wa kwanza akasema bomoa dari lote, tumwage zege na nondo. Nilikaribia kukubali. Mtu mwenye msiba hushika neno la kwanza analopewa, maana hana nguvu ya kuuliza la pili. Ni ami yangu aliyesema ngoja, akamleta mzee mmoja aliyezeekea kwenye kazi ya chokaa. Yule mzee alipita na nyundo ndogo akigonga boriti moja moja, sikio ameliinamisha. Boriti ishirini na mbili. Tano tu zilijibu kwa sauti ya debe tupu. Akanionyesha na chanzo: miaka ya nyuma tulipiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa nje tukidhani tunaujenga upya. Jiwe la matumbawe hunywa maji na hutaka kuyatoa. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyaziba. Saruji ikapasuka, maji yakaingia yakakosa pa kutokea, vichwa vya boriti vikaozea ukutani na mchwa wakafuata unyevu.

Siku ile ile tukasimamisha nguzo chini ya zile tano na ubao juu yake, tukatandika turubai kwenye paa na mawe pembeni. Basi. Mzee alikataa kugusa chokaa mvua ikinyesha, na nilimshukuru, kwa sababu zile wiki zilitupa nafasi ya kulia.

Shida kubwa ilikuwa mama. Wanaume wageni nyumbani, naye yuko edani. Tulimwuliza shekhe wa msikiti wetu, akasema ikihofiwa nyumba kuanguka anaweza kuhamia kwa binti yake Likoni amalizie huko. Mama hakutaka kusikia. "Sitoki. Babako kanitoa kwetu kanileta hapa, nami hapa namaliza eda yake." Tukamshusha chumba cha nyuma, tukatundika pazia zito ukumbini, shangazi akikaa naye. Mafundi walikuja saa mbili na kuondoka adhuhuri, na kila wakipanda ngazi walipiga hodi. Nilidhani kelele zitamuumiza. Wala. Kila jioni aliuliza jambo moja tu: kanzu za baba mmezifunika, zisiingie vumbi?

Sasa ndugu. Kaka yetu mkubwa alisema nyumba isiguswe mpaka mirathi igawanywe, kwa sababu ni mali ya warithi wote. Nilimkasirikia sana, na nilimkosea. Alikuwa na hoja: mama ana thumni yake, sehemu moja kati ya nane, sisi watoto tuna zetu, na mtu akitia pesa bila kuandika kesho atadai chumba. Tena yeye alikuwa na karo za watoto watatu na hakuweza kusema mbele yetu kwamba hana. Dawa ikawa daftari. Kila risiti nikaibandika, aliyetoa na alichotoa, na kila jioni nikapiga picha ukurasa ule nikautuma kwenye grupu la familia. Tukakubaliana kwamba kila aliyetoa atahesabiwa kabla ya kugawana. Ugomvi haukwisha, lakini neno la kuibiana halikutajwa tena.

Kwa fundi, dada, usitoe malipo yote. Vifaa nunua mwenyewe, kazi ulipe kwa hatua unayoiona kwa macho. Mchanga usikubali wa pwani, una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo na kumomonyoa ukuta. Hesabu na gharama ya hamali, kwetu lori haliingii kichochoroni na kila mfuko ulikuja kwa mkokoteni.

Boriti tuliziweka mwezi wa Julai, chokaa juu yake tukaimalizia Agosti. Rangi hatukupiga mpaka leo, pesa ziliishia hapo.

Siku mama alipotoka eda, alioga, akavaa, akaomba apandishwe juu. Alisimama akihesabu boriti mpya kwa kidole, bado nyekundu kati ya zile nyeusi. Akauliza nani katoa ipi. Nikaleta daftari nikasoma. Kaka alikuwa mlangoni, jina lake lilikuwa la mwisho, elfu nane, mwezi wa Julai. Mama akaniambia nisome tena hapo.